Niliulizwa Mwaka Uishe Lini

Mimi kwa hii maisha yangu nimeulizwa vitu mingi. Nimeulizwa kama chai iko na sukari. Nimeulizwa nani aliacha mlango wa ng'ombe wazi. Juzi daktari aliniuliza kama haya meno ni yangu ama ni ya kununua. Lakini siku moja nikiwa Embu mjini, kwa ofisi iko juu ya duka la dawa za ng'ombe, mama mmoja wa hesabu alinitazama juu ya miwani, akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu, akaniuliza, "Cucu, nyinyi mnataka mwaka wenu uishe lini?"

Nikamwangalia. Nikaangalia kalenda nyuma yake kwa ukuta, nikaona Disemba iko pale chini mahali pake pa kawaida. Nikamjibu pole pole, maana nilifikiri mtoto wa watu amechoka na kazi, "Mwaka unaisha Disemba, mama."

Akacheka. Akaniambia huo ni mwaka wa kila mtu. Kampuni ikisajiliwa inachagua siku yake ya kufunga hesabu. Inaweza kuwa mwisho wa Machi, ama mwisho wa Juni, ama mwezi wowote. Ile kodi serikali inatoza nyumba za kupanga mtalipa kila mwezi tu, hiyo haibadiliki. Lakini kuna ile siku moja mnafunga kitabu, mnahesabu mali yote, mnajua mmepata ama mmepoteza. "Hiyo siku," akasema, "ni nyinyi mnachagua."

Ngoja nikwambie, nilishuka hizo ngazi kama bibi harusi. Mimi! Mtu wa darasa la tatu, na hata hilo la tatu nilitoka katikati! Marehemu bwanangu hakuwahi kuniuliza nataka chakula cha jioni kiwe saa ngapi, na leo naulizwa mwaka uishe lini. Nilifika Kibugu nikawaambia wanawake wote tuliokuwa nao kwa kituo cha kupima majani ya chai. Nikawaambia, "Msinisumbue, nachagua mwaka." Mmoja akaniambia nikimaliza nimchagulie na yeye mwingine, huu wake ni mbaya.

Sasa, kampuni yenyewe usifikirie ni kitu kikubwa. Ni vyumba kumi na viwili huko Nchiru, upande wa Meru, karibu na chuo kikuu, na wanafunzi ndio wanapanga. Wenyewe ni wawili. Kuna mimi, na kuna mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye aliolewa huko Meru miaka mingi mpaka akianza kuota anaota kwa Kimeru. Shamba ni lake, aliachiwa na bwanake. Mawe na mabati ni yangu, yametoka kwa majani ya chai ya Kibugu, kikapu kwa kikapu. Tukafanya kampuni ili siku tukifa watoto wetu wasikatane na panga.

Mdogo wangu alikuwa mpishi wa shule ya wasichana. Na mpishi wa shule unamjua ni mtu wa aina gani. Anahesabu hata maharagwe. Mimi nikihesabu kitu mara mbili napata majibu mawili, na nachagua ile kubwa.

Basi nikapanga safari niende nikamwone tukubaliane. Nilipofika Meru mjini nikaingia kwa yule mzee Mwislamu wa duka la vifaa vya ujenzi, ndiye alituuzia mabati yote na vitasa vya milango. Nilihitaji kufuli mbili. Lakini ukweli nilitaka kujisifu. Nikamuuliza, "Mzee, wewe mwaka wako unaisha lini?"

Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Bibi, mimi nina hesabu mbili. Ya serikali inaisha Disemba. Ya zaka inakwenda na mwezi, inazunguka. Lakini kuhesabu vitu vya dukani, kitasa kwa kitasa, nachagua siku duka limenyamaza. Huwezi kuhesabu kuku wakati unawamwagia mahindi."

Nikamwambia hayo ni maneno ya kweli kabisa. Nikalipa kufuli zangu nikatoka, na kabla sijafika mahali pa kupanda gari nilikuwa nimeyasahau. Sababu ni kwamba mwezi wangu nilikuwa nimeshauchagua moyoni tangu zile ngazi za Embu. Ulikuwa mwezi wa kumi.

Kama wewe si mtu wa chai utaniuliza kwa nini. Kwetu Kibugu mwezi wa kumi ndio bonasi inatoka. Mwaka mzima unachuma majani, kila mwezi kiwanda kinakupa kidogo cha kununua sabuni, halafu mwezi wa kumi wanakupa ile nyingine yote iliyobaki. Kila kitu kinangoja hapo. Mtoto akitaka viatu, ngoja bonasi. Fundi akidai, bonasi. Kuna mzee alimwambia kijana aliyekuja kuposa kwake arudi bonasi ikitoka, kama kinachochumwa ni majani ama ni msichana sijui. Hiyo Disemba ya watu wengine kwetu inakuja kama mgeni amechelewa, sufuria zimeshaoshwa. Kwa hivyo mimi mwaka wangu, tangu niolewe, unaishanga na bonasi. Nilikuwa tu nangoja mtu aniulize.

Mdogo wangu alinisikiza jikoni kwake akichambua njahi, yale maharagwe yetu meusi. Hakuinua macho. Akasema, "Mwari wa maitu, mtoto wa mama, hizo nyumba ziko na majani?"

"Majani gani?"

"Nakuuliza. Ziko na majani ya chai? Kuna mwanafunzi anachumwa?"

"Wewe umeolewa Meru mpaka umesahau kwenu. Mwezi wa kumi ni mwezi wa baraka."

"Mwezi wa kumi wewe huwa mlevi."

"Mimi sijawahi kuonja pombe!"

"Si pombe nasema. Unalewa bonasi. Mwaka ule ulinunua baiskeli na hujui kupanda."

Hiyo ya baiskeli ni kweli, sitakataa. Nilisema ni ya wajukuu, na wajukuu wakati huo walikuwa hawajazaliwa.

Akamaliza njahi zake, akapangusa mikono. Akaniambia, "Haya. Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye ulienda kwa ofisi. Chagua huo mwezi wako. Lakini tukifunga mwaka na maneno iharibike, mimi sitakaa nikigombana na dada yangu mbele ya wanafunzi. Tutagawanya. Vyumba sita vyako, sita vyangu, na ukuta katikati, kila mtu apige hesabu yake."

Nikacheka. Nikamwambia ukuta utajenga na nini. Yeye hakucheka. Kusema ukweli, hapo ndipo ningeogopa kama ningekuwa na akili, kwa sababu sisi tulizaliwa tisa na tumebaki wawili. Hizo nyumba ndizo zinanifanya nipande gari kila mwezi niende nimwone. Ukuta ukijengwa, nitakuwa naenda Nchiru kumwona nani? Kufuli?

Nikapigia mama wa hesabu simu nikamwambia mwisho wa mwezi wa kumi. Akauliza mara mbili. Nikasema andika.

Siku yenyewe ikafika. Huko Kibugu barabara ilikuwa imejaa malori ya wauzaji, unajua wanajua bonasi imetoka kabla hata wewe hujajua. Kuna magodoro, kuna masufuria yamepangwa kama kanisa. Mimi nikaacha hayo yote, nikavaa kitambaa changu kizuri, nikaenda Nchiru kufunga mwaka.

Na nikaanza kuhesabu mali, vile mama wa hesabu alisema. Sasa hebu niambie, unahesabu vipi vitanda kama watu wamelala juu yake? Wanafunzi walikuwa wamejaa, masomo yamechacha. Nikabisha chumba cha kwanza, kijana akatoka na mswaki mdomoni.

"Shosho, kwani leo ni sensa?"

"Nahesabu vitanda vya kampuni."

"Hiki ni changu, nilitoka nacho nyumbani. Chenu kilivunjika miguu, kiko chini ya hiki."

Chumba cha pili msichana alikataa kufungua, ati anasomea mtihani. Cha tatu walikuwa wanne, na mimi nilipangisha mmoja. Cha saba kulikuwa na mbwa. Nilimaliza na vitanda kumi na tisa kwa nyumba ya vyumba kumi na viwili, na funguo nane. Nikaandika hivyo hivyo. Nikafurahi hata, nikaona mali imezaa.

Halafu tukafungua kitabu na simu, tukaangalia pesa. Na pesa ilikuwepo! Nyingi! Maana wanafunzi wanalipa semista nzima, wanalipa wakifika mwezi wa tisa, na ilikuwa haijaguswa. Nikapiga makofi. Nikamwambia mdogo wangu, "Ulisema nini juu ya mwezi wangu? Angalia! Hii ni bonasi!"

Hata yeye, na kuhesabu kwake maharagwe, aliihesabu mara mbili. Kitu ya kwanza alisema ni, "Tuweke akiba." Nikamwambia mwaka umeisha, mwaka ukiisha watu wanagawana, tumekuwa tukiweka tangu mawe ya kwanza. Nilisema maneno matamu siku hiyo, ningekuwa mhubiri. Tukagawana. Yeye akanunua ndama wa maziwa. Mimi nikarudi Kibugu, nikakuta lori moja bado liko, na juu yake kuna kabati la vioo.

Hilo kabati ningetaka nisiseme, lakini mkija kwangu mtaliona. Lina milango minne ya kioo na taa ndani. Halikuingia kwa mlango. Tulijaribu dirisha. Mpaka leo liko kwa veranda, na kuku wangu mweupe anatagia mahali pa vikombe. Wageni wakiuliza nawaambia hata kuku wangu ako na nyumba ya kupanga.

Novemba ikaja na mvua yake. Nchiru mvua ilinyesha mpaka shimo la choo likajaa likaanza kurudi juu. Mdogo wangu akanipigia simu asubuhi, na nyuma yake nasikia kelele ya wanafunzi.

"Inahitajika lori ya kunyonya choo. Leo."

"Si uite?"

"Niite na nini? Si tulifunga mwaka?"

  Akaendelea, "Hawa watoto wanasema tukishindwa turudishe pesa ya Novemba na Disemba watafute pengine. Na wewe unisikize vizuri. Chai ukilipwa bonasi, jani limeshaenda. Lilichumwa, likakauka, likanywewa na wazungu, hakuna mtu atakuja kukuuliza. Lakini mwanafunzi akilipa, bado anakuja kulala! Ile pesa ilikuwa ni ya siku hazijafika. Umekula Disemba, na Disemba bado haijazaliwa!"

Nimewahi kutukanwa na watu wakubwa, hata na chifu. Sijawahi kutukanwa na kitu cha kweli namna hiyo. Nilikaa chini pale kwa veranda, kabati linaniangalia na vioo vyake vyote, na nikajiona ndani mara nne.

Nikajaribu kuliuza. Kwa Kibugu, Novemba! Kila mtu alikuwa ameshamaliza bonasi yake, hata yule aliyeniuzia hakupokea simu. Nikauza mbuzi wawili. Mdogo wangu akauza yule ndama, ambaye alikuwa ameshampa jina. Lori likaja, likanyonya, wanafunzi wakatulia. Nikafikiri yameisha.

Wiki iliyofuata nilienda Nchiru na mkungu wa ndizi wa kuomba msamaha. Nikaingia kwa lango nikakuta kamba. Kamba ya manila ya kijani, imefungwa kwa nguzo mbili, imevutwa katikati ya uwanja kutoka lango mpaka nyuma. Vyumba sita huku, sita kule. Fundi alikuwa ameshapima, bado kuchimba tu.

Mdogo wangu alikuwa ameketi upande wake. Mimi nikasimama na ndizi zangu, nikakosa kujua nisimame wapi.

"Ukikanyaga huko ni kwako," akasema. "Hata ndizi unaweza kupanda."

"Mwari wa maitu."

"Nilikwambia. Sikukudanganya."

"Hukunidanganya."

"Si ndama nalilia. Umenifanya nisimame mbele ya watoto wa watu nikiziba pua."

Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, mengine hata yalikuwa mazuri. Yote yalipotea. Nikaona kitu kimoja tu niko nacho cha kumpa, na si ndizi. Nikamwambia, "Huo mwaka, chagua wewe."

Akaniangalia. Anajua vile nilikuwa nimeupenda. Nilikuwa nimeusimulia mpaka kwa mazishi.

"Na usiniulize," nikasema. "Ukisema Februari, iwe Februari. Mimi sitasema chochote."

"Wewe hutasema chochote?"

"Nitajaribu."

Hapo mdomo wake ulitaka kucheka, akaukaza. Akachukua ndizi. Hakusema kitu juu ya kamba. Tulipomaliza kunywa chai ndipo akasema, kama mtu anazungumza na kikombe, "Julai. Mwisho wa Julai. Wanafunzi wengi wako kwao, vyumba ni vitupu, hakuna mtu amelipia siku hazijafika. Kitanda ni kitanda na ufunguo ni ufunguo. Tujaribu mara moja. Fundi nimemwambia angoje."

Nikamkumbuka yule mzee wa vitasa na kuku wake wa mahindi. Aliniambia bure, na mimi nikalipia kufuli.

Tukaenda Embu wote wawili. Mama wa hesabu akatuambia mwaka haubadilishwi kama leso, lazima iandikwe barua kwa watu wa kodi, useme sababu, ungoje wakubali. "Sababu ni gani?" akauliza.

Nikasema, "Andika mwenye kampuni ni mjinga."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo, Cucu."

Akaandika kitu kirefu juu ya kalenda ya wanafunzi. Ilichukua muda, wakakubali. Akatueleza kwamba huu mwaka wetu wa sasa utakuwa mfupi, unaanza Novemba unaishia Julai, miezi tisa kamili. Nikamwambia mdogo wangu huo si mwaka, ni mimba. Akaniambia ninyamaze, niliahidi.

Na nilinyamaza, karibu miezi hiyo yote tisa. Kila mara nilipoenda, kamba ilikuwa pale. Sikuigusa na sikuitaja. Nilikuwa naivuka nikiinua sketi, kama mtu anavuka mtaro, na mdogo wangu akiwa dirishani akinihesabu.

Julai ikafika. Nchiru ilikuwa baridi na kimya, vibanda vya chapati vimefungwa. Tulienda chumba kwa chumba na kitabu. Vitanda kumi na viwili, viwili vimevunjika. Funguo kumi na moja, na ile ya kumi na mbili tukaikuta juu ya dirisha. Taa zilizoungua, tano. Godoro moja limeliwa na yule mbwa wa chumba cha saba. Tulikuta na viatu vya mguu mmoja mmoja, vinne, vyote vya kushoto, hiyo mpaka leo hatujaelewa.

Halafu tukakaa juu ya kitanda kimoja tukafungua pesa. Ilikuwa kidogo. Mdogo wangu akatoa ya choo kwanza, akaiweka kando. Akatoa ya rangi na ya godoro. Iliyobaki ilikuwa ndogo sana, naona hata aibu kuitaja, haiwezi kununua hata mlango mmoja wa kabati langu. Nikaingoja na mkono wazi.

"Hii ndiyo yetu ya kweli," akasema, akaigawanya mara mbili. "Ukila hii, hujala mtu."

Nikaifunga kwa kitambaa. Nikamwambia kwetu Kibugu mwaka wangu mimi bado utaisha mwezi wa kumi, huo hakuna ofisi inanitoa. Akasema huo nibaki nao, lakini usivuke mto uje Meru.

Tukatoka nje kufunga lango. Jua lilikuwa limetokeza kidogo. Nikaona pale kamba imelegea katikati, imeshuka mpaka karibu na majani, na nguzo ya upande wangu imeinama. Nilikuwa nimejiambia sitauliza. Nikauliza.

"Nifungue hii kamba?"

Akaiangalia. Akaangalia vyumba, huku sita na kule sita.

"Wacha," akasema. "Hao watoto wakirudi Septemba watataka mahali pa kuanika nguo."

Nikamshikisha mkoba wangu, nikaenda kwa ile nguzo iliyoinama, nikaisimamisha na jiwe, nikaivuta kamba mpaka ikakaza.